Bisibisi ya Umeme kwa Chumba cha Baba

Mwaka niliorudi Malindi kumuuguza baba nilikuwa na miaka arobaini na sita, na kazi niliyoiacha Mariakani ilikuwa kazi nzuri. Nilikuwa karani katika kiwanda cha maziwa, nina meza yangu karibu na dirisha, na wafanyakazi wadogo waliniita madamu. Baba alipopigwa na kiharusi, mdogo wangu, mtoto wa kiume wa pekee, alinipigia simu kutoka ng'ambo.

"Dada," akasema, "mmoja wetu lazima awe nyumbani."

Alivyolitamka lile "mmoja wetu," mtu angedhani tulikuwa tunakwenda kupiga kura. Yeye ana mke kule, ana watoto wanaosoma, na ana makaratasi ambayo akitoka nchi ile kabla hayajakamilika hatarudi tena. Mimi niliachwa zamani, na binti yangu ameolewa Rabai. Nikafunga virago.

Baba alikuwa fundi wa umeme. Alitoka kijijini Jilore kijana asiyejua swichi inawashwa vipi, akaajiriwa kufagia uwanja wa hoteli moja ya ufukweni, akawa anamfuata fundi wa Kitaliano nyuma nyuma, leo amshikie ngazi, kesho amletee koleo, mpaka kazi ikamwingia mikononi. Alizeeka humo. Hoteli ilipofungwa na vitu vyake kuuzwa, baba alinunua kiyoyozi kimoja kikubwa kilichokuwa kikipoza vyumba vya wageni, akakifunga chumbani mwake. Watu wa mtaa walicheka sana. Mtu wa Jilore analala kwenye baridi ya Wazungu! Yeye hakujali. Kiyoyozi kile kiliongozwa na kidude cha ukutani, kijiduara cha kuzungusha kwa vidole, ambacho mafundi wanakiita themostati. Ndicho kinachopima joto la chumba na kukiamuru kiyoyozi kiwake au kipumzike.

Chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Nilipofika nyumbani kile kijiduara kilikuwa kimeganda kwa kutu, na chumba kilikuwa ama friji ama tanuri. Baba naye upande wake wa kulia haukuhisi tena baridi wala moto. Asubuhi moja nilimkuta mkono umekuwa wa baridi kama samaki wa barafuni, naye ananiambia kwa ulimi wake mzito, "Joto. Leo joto." Daktari akaniambia chumba kisipande wala kisishuke sana, kiwe nyuzi ishirini na tano hivi, basi.

Nilimweleza mdogo wangu. Akaniomba nimpigie picha kidude kile na nyaya zake, na wiki chache baadaye akatuma kwa mkono wa msafiri kijisanduku cheupe kilichofungwa vizuri kama zawadi ya harusi. Ndani mlikuwa na themostati mpya, ile wanayoiita janja, kama tunavyosema simu janja. Ilikuwa na kioo cheusi kinachoonyesha namba, na ilitii simu. Mtu angeweza kuwa sokoni, au ng'ambo, akabonyeza simu yake, na chumba cha Malindi kikapoa.

Kazi ikabaki kuifunga. Niliita fundi. Akaja, akapanda kiti, na kabla hajagusa kitu baba akaanza kupiga mkono wake wa kushoto kwenye ubavu wa kitanda, pa, pa, pa. Fundi akashtuka. Baba akatoa neno moja, "Meini." Fundi alikuwa hajazima swichi kubwa ya nyumba. Baba hakutaka kumwona tena, na kusema kweli sikumlaumu. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mguu, mkono na nusu ya maneno, lakini hakikugusa ufundi wake.

Basi nikasema nitaifunga mimi.

Sikusema kwa kujivuna. Kabla mdogo wangu hajaweza kufunga kamba za viatu, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia baba tochi. Tangu nina miaka minane. Jumamosi alikuwa akifanya kazi za mtaani, naye alinichukua, na mimi nilijua mwanga uende wapi kabla hajaniambia. Nilijua kwamba waya mwekundu una moto, mweusi ni wa kurudi, wa kijani ni wa ardhi. Nilijua skrubu inapoanza kushika mlio wake hubadilika. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na mitatu, tumeshatoka mlangoni na mkoba wa vyombo, baba alisimama, akaitwaa tochi mkononi mwangu, akampa mdogo wangu aliyekuwa akicheza mchangani. "Wewe rudi kamsaidie mamako," akaniambia. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayehamisha kiti kutoka chumba hiki kwenda kile. Nami nikarudi jikoni, nikamenya mihogo, na hakuna aliyeona kwamba jambo lolote lilikuwa limetokea.

Mdogo wangu alifundishwa kazi yote. Leo anauza bima.

Mkoba wa vyombo wa baba ulikuwa bado chini ya kitanda, na nilianza na bisibisi zake za mkono. Lile bamba la zamani lilikuwa limeshikwa ukutani na skrubu nne ndefu zilizooza kwa kutu. Nilizimwagia mafuta, nikangoja, nikazungusha. Hazikusogea. Kifundo changu cha mkono kilikuwa kimeharibika kwa kumgeuza baba kitandani mara nne, mara tano kwa siku, na nilipokaza bisibisi maumivu yalipanda mpaka begani. Nikaelewa kwamba bila bisibisi ya umeme nitajidanganya tu.

Nilipomwambia baba kwamba ninakwenda kununua, alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea shati lake la kutokea. Alitaka kwenda. Nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayoniudhi hadi leo nikiikumbuka. Nilimwogesha, nikamvika, nikampaka mafuta usoni, nikaita tuktuk. Njiani nilikuwa nimemkumbatia asipinduke kwenye matuta, na moyoni nikijisemea, leo atanichagulia chombo. Mwanamke mzima, mwenye mtoto aliyeolewa, nilikuwa nimekaa ndani ya tuktuk kama mtoto anayepelekwa kununuliwa sare ya shule.

Duka lenyewe lilikuwa la vifaa vya ujenzi, nyuma ya soko. Muuzaji alikuwa mtu wa bara, mnene, mchangamfu, aliyekwisha kukaa pwani vya kutosha kujua kuamkia.

"Shikamoo mzee."

Baba akaitikia kwa kichwa. Muuzaji akamletea kiti cha plastiki akamweka kwenye kivuli cha mlango, kisha akaniuliza nataka nini. Nilipomaliza kueleza, akaniwekea tatu juu ya meza.

Ya kwanza ilikuwa drili hasa, nzito kama mtoto wa miezi mitatu. "Hii ni moto, mama," akasema. "Hii inatoboa hadi nguzo ya zege." Niliinyanyua na kifundo kikalia. Tena nilijua ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe, laini, na nguvu kama ile ingezikata skrubu za kutu vichwa kabla hazijatoka. Ya pili ilikuwa nyembamba, imenyooka kama kalamu nene, inachajiwa kama simu. Ilipendeza mkononi, lakini nilipoibana ncha yake kwa vidole na kubonyeza, ilisimama. Kama vidole vyangu vinaishinda, kutu ya miaka ishirini itaifanyaje? Ya tatu ilikuwa ya kadiri, yenye mpini wa kupinda na pete yenye namba shingoni. Muuzaji akanieleza kwamba ukiweka namba ndogo, skrubu ikishakaza chombo kinaacha chenyewe kusukuma, hakipasui plastiki wala hakili kichwa cha skrubu. Ukitaka kufungua kilichoganda, unapandisha namba na kugeuza mzunguko.

Niliipenda ile ya tatu. Lakini sikuisema. Nilizichukua zote nikampelekea baba, moja moja, kama mtu anayemwonyesha mgeni vitambaa.

Alianza na ile nzito. Sikumwachia uzito wote, niliishika naye. Akabonyeza, akaisogeza sikioni, akaisikiliza inavyonguruma. "La," akasema.

Nikampa nyembamba. Akabonyeza, akasikiliza. "La."

Nikampa ya tatu. Hii alikaa nayo. Aliizungusha ile pete kwa dole gumba, tik, tik, tik, akabonyeza, akabonyeza tena, akainusa hata. Niliona macho yake yamekuwa macho ya fundi, nikatabasamu kabla ya wakati wake.

"La," akasema, akanirudishia.

Nikachanganyikiwa. "Hii ina kasoro gani, baba? Hii ndiyo yenyewe."

"La."

Muuzaji akaja akachutama mbele yake kwa heshima. "Mzee, hizi ndizo zilizoko. Wewe unataka gani?"

Maneno yalikuwa yakimgharimu baba pumzi. Tulingoja. Mdomo wake ulipinda, mate yakamtoka, nikayafuta kwa leso. Halafu akasema, kwa unyoofu zaidi kuliko alivyosema neno lolote tangu kiharusi kimpige:

"Tungoje mwanangu aje."

Muuzaji alinitazama, akamtazama baba. Nadhani alitaka kuokoa mambo. "Mwanao si huyu hapa, mzee?"

"Huyu," baba akasema, akavuta pumzi, "huyu ananiangalia tu."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa kusema alisema kwa ubaya, maana ubaya una dawa, mtu unaweza kuurudisha. Alisema kama anavyosema fundi: huu ni waya wa moto, huu ni wa kurudi. Muuzaji akainuka akaanza kupanga makopo ya rangi yaliyokuwa yamepangika tayari. Mimi nilikwenda mezani, nikaweka ile ya tatu mbele yake, nikamwambia afunge. Akaniuliza kama nataka na pakiti ya skrubu mpya na plagi za plastiki za kuzishikiza ukutani. Nikamwambia achague zisizoshika kutu. Sauti yangu ilikuwa ya Mariakani, ya ofisini.

Njiani kurudi sikumkumbatia baba. Nilimfunga kwa leso yangu ya kujitanda kwenye chuma cha kiti cha tuktuk, nikatazama upande wangu.

Nitaeleza nililofanya nyumbani, kwa sababu nimeeleza aliyoyafanya yeye. Nilimpandisha kwenye kiti chake cha magurudumu, nikampeleka chumbani, nikakigeuza kiti. Ukuta wenye themostati ukawa mgongoni mwake, na uso wake ukaelekea dirishani, kwenye kamba ya nguo. Kwa hali yake hakuweza kujigeuza. Nilizima meini, nikarudi na testa, nikahakikisha nyaya hazina moto, nikapandisha ile pete mpaka namba ya juu, nikageuza mzunguko, nikaegemeza uzito wangu wote.

Skrubu ya kwanza ililia kama mbuzi, ikakubali. Ya pili na ya tatu zikafuata. Ya nne ilikataa, na chombo kikaanza kuteleza kichwani mwake.

"Acha," baba akasema, uso dirishani.

Niliacha.

"Mbele kidogo. Halafu nyuma."

Niligeuza mzunguko, nikaikaza unywele mmoja tu, nikageuza tena kuifungua, na ikatoka, nyekundu kwa kutu, na vumbi jeupe la tumbawe likanimwagikia mikononi. Nilitia ncha ya kutobolea, nikatoboa upya, nikasukuma plagi, nikaunga nyaya kwa picha niliyokuwa nimeipiga kabla, nikashusha namba ya pete na kukaza bamba jipya. Kila skrubu ilipofika mwisho, chombo kilitoa mlio wa kuachia, na kila mara baba, bila kuona, alisema taratibu, "Imeshika." Mara nne. Hakukosea hata mara moja.

Ningeweza kukigeuza kiti hapo. Nilikusanya kwanza vyombo, nikafagia, nikawasha meini, nikasubiri kioo kiwake, kisha ndipo nilipokigeuza. Namba thelathini na moja ilikuwa inang'aa ukutani, kisha ikawa thelathini. Baba aliitazama muda mrefu.

Jioni hiyo mdogo wangu alipiga simu ya video. Alionekana na koti zito, mvuke unamtoka mdomoni. Nikaielekeza simu ukutani, akashangilia. Kisha nikaielekeza kwa baba.

"Umefanya kazi nzuri," baba akamwambia.

Mdogo wangu akacheka. "Haya baba. Ahsante baba."

Nilingoja aseme. Neno moja tu lingetosha, "ni dada." Akauliza kama baba amekula.

Kile kidude kiliandikishwa kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyekinunua na yeye ndiye mwenye namba ya siri. Mwanzoni haikunisumbua. Lakini wakati wa joto la kaskazi, lile la kufunga koo, alisoma mahali fulani kwamba wazee hawafai kupozwa mchana, akaiweka nyuzi ishirini na tisa na kuifunga isibadilishwe kwa mkono. Nilibonyeza kioo, kikanionyesha picha ya kufuli. Baba alikuwa amelowa mpaka kwenye godoro. Nilimpigia mdogo wangu, hakushika. Yuko kazini. Nikampigia tena, na tena. Nililoanisha shuka nikamfunika baba kifuani, nikampepea kwa kifuniko cha sufuria, na mbele ya macho yangu kufuli lile dogo jeupe limekaa ukutani pangu, kwenye skrubu nilizozikaza mimi.

Alipopiga, saa kumi jioni, alikuwa na utulivu wa mtu aliyekwisha kunywa chai.

"Dada, mimi nimesoma haya mambo. Usiongozwe na hisia."

"Mimi niko naye hapa."

"Najua. Lakini kuna sayansi."

Nikakata simu. Nikakitoa kikaratasi kilichokuja na kijisanduku, nikavaa miwani, nikasoma kwa Kiingereza chake kigumu hadi nikapaona: tundu dogo chini ya kioo, la kuchoma kwa kitu chembamba mpaka kila kitu kifutike. Nikachukua pini ya nywele. Kioo kikazimika, kikawaka kama kilivyotoka dukani, nikakiandikisha kwa simu yangu na kwa jina langu, nikaweka ishirini na tano.

Alipiga kesho yake. Hakuanza na salamu.

"Umenitoa?"

"Nimekutoa."

Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na yangu tayari. Badala yake akasema, sauti imeshuka, "Kila asubuhi nikiwa kwenye treni nilikuwa nafungua ile namba. Nikiona imepanda au imeshuka, najua mko hai. Kwamba kuna mtu amefungua mlango huko."

"Ungepiga simu," nikamwambia. "Simu pia inaonyesha kwamba tuko hai."

"Nikipiga unanikasirikia."

Hilo lilikuwa kweli. Aliniomba nimrudishe, hatagusa kitu, atatazama tu. Nilimwambia nitaona. Nilijua jinsi ya kufanya, lilikuwa jambo la dakika mbili, kile kikaratasi nilikuwa nimekihifadhi kwenye droo. Wiki zikapita. Akaniomba mara ya pili, kwa ujumbe mfupi, kisha hakuomba tena. Sikumrudisha. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa nikimwadhibu kwa ajili ya kufuli, au kwa ajili ya tochi, na kila nikijiuliza jibu linanifanya niinuke nikatafute kazi ya kufanya.

Baba alifariki mwanzo wa masika, saa tano asubuhi, nikiwa ninamlisha uji. Alimeza kijiko kimoja na cha pili hakukimeza.

Makaratasi ya mdogo wangu yalikamilika baadaye, akaja wiki sita baada ya maziko. Alikuwa amenenepa na ameanza kuota mvi, na alilia mlangoni kwa sauti, akashikwa na majirani, akapewa maji. Ulikuwa mwaka wa saba sijamwona. Nilimtandikia chumbani kwa baba kwa kuwa ndicho chumba chenye ubaridi na yeye alikwisha kuzoea ubaridi.

Siku ya tatu nilimkuta amesimama mbele ya ukuta ule, mikono nyuma, kama mtu anayesoma tangazo. Hakunigeukia.

"Dada. Siku ile alipofariki, chumba kilikuwa nyuzi ngapi?"

"Ishirini na tano," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi hakuteseka na joto."

"Hakuteseka."

Akashukuru. Alisema ahsante mara mbili, na mara ya pili alinishika mkono. Siku ile baba alipofariki stima ilikuwa imepotea mtaa mzima tangu alfajiri, kioo kilikuwa cheusi, na shati la baba nililomvua lilikuwa limelowa jasho likinata mgongoni.